Kidole cha Mama Mkwe

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi kule milimani Iringa, miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Nilikuwa namnyonyesha Luka, mtoto wangu wa kwanza, nikahisi kitu kinanikwaruza. Nilipompapasa ufizi nikakuta jino limechomoza juu, na chini hakuna kitu. Enzi zile, mwanangu, mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu aliitwa kigego. Walisema akimuuma mtu, mtu huyo hafiki mavuno. Kwa hiyo wazee walimwondoa nyumbani, na mama hakuambiwa amepelekwa wapi.

Nikawa namfunika mdomo kwa kanga kila mgeni akipita. Lakini penye wengi pana mengi. Habari ikamfikia mama mkwe, mwanamke mkali ambaye hata jogoo wake aliwika kwa adabu. Nikajua yamekwisha.

Jioni akawaita wazee na majirani waje kunywa togwa. Jirani mmoja akanifariji kwamba mimi bado kijana, nitazaa mwingine. Mama mkwe akamjibu, "Jino la pembe si dawa ya pengo." Kisha akamchukua Luka mikononi mwangu, akamtia kidole mdomoni mbele ya wote. Mtoto ufizi unamuwasha, angoje nini? Aling'ata kwelikweli.

"Kaniuma," akasema mama mkwe, akiwaonyesha kidole. "Nikifa kabla ya mavuno, mchukueni. Nikivuna, asiwepo wa kumwita jina lile tena."

Togwa nyingi ilibaki siku ile.

Walipoondoka nilimfuata kumshukuru, nikamkuta anakiosha kile kidole, anakiosha tena. Kumbe naye aliamini kama wao! Aliniambia tu kwamba yeye amekula chumvi nyingi, na Luka hata hajaionja. Mpaka leo sijaona mwanamke wa kumlinganisha naye.

Mahindi yakakauka. Akavuna mwenyewe, Luka mgongoni, kikapu kichwani, kisha akapita mlango kwa mlango. "Kamwene," aliwaambia. "Nimekuja kuwasalimu tu."

Sasa jana umenipigia simu ukinong'ona kwamba mwanao ameota jino la juu, na jirani ameguna. Sikiliza, mwanangu. Jino hutoka pale lilipo tayari, wala halijui habari za kifo cha mtu. Mpe mtoto kitambaa safi atafune. Akipata homa kali mpeleke zahanati, usisingizie meno. Na usimfunike mdomo kama nilivyofanya mimi. Mpe huyo anayeguna ampakate, acheke naye. Ukiogopa, ogopa, hata mama mkwe aliogopa, ila simama upande wa mtoto.

Maana Luka huyo ndiye baba yako, anayetafuna mahindi ya kuchoma mpaka leo na kujisifia meno. Mungu amkuze mwanao, ayaote yote, ya juu na ya chini. Na wewe akujalie kidole kama kile.