Msitu Uliobakizwa Uso

Mtaa mzima wa Mwembesongo unajua kwamba kwa Zuhura hupigwi picha ya pasipoti hadi umetulia. "Kidevu juu. Bega la kushoto shusha. Usicheke, huendi harusini. Tazama hapa." Anawaamrisha wakubwa kwa wadogo, na hata shehe wa msikiti wa jirani aliwahi kuambiwa arekebishe kofia mara mbili, akairekebisha. Mtu akileta ubishi anaonyeshwa mlango. Ana hasira za karibu mwanamke huyu, na wala hazifichi.

Lakini pasipoti ni picha za kumlisha tu. Picha za moyo wake zilikuwa kwenye ukuta wa nyuma ya meza, kubwa, nne, zote za kilima kimoja. Ya kwanza ni ya masika, wingu limekaa juu ya miti na kijani kimekolea mpaka kinakaribia weusi. Ya pili ni ya kipupwe, mbega wametoka kwenye matawi ya pembeni kuota jua, mikia yao myeupe inaning'inia. Kuna ya kiangazi, moshi wa mashamba unapanda kwa mbali, na ya vuli, majani machanga yana wekundu wa kutu. Wateja walikuwa wakiuliza hiyo ni Ulaya ya wapi. Swali hilo lilimuudhi kila lilipoulizwa.

"Ulaya ya kichwa chako," alikuwa akijibu. "Hapo ni kwetu, Uluguru, njia ya Matombo. Ukisimama nje ya duka hili ukainua macho, mgongo wa mlima huo huo unauona."

Kilima kile ni msitu wa ukoo wake, ukoo wa mama, maana kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Ndani ya msitu ule wamezikwa wazee wao, na mama yake Zuhura naye amelala humo, kichwani pake ulisimama mti wa mkangazi ambao watu watatu walikuwa hawaukumbatii wakaumaliza. Na msitu ule una mwiko wake. Haingii mtu mpaka mkubwa wa ukoo afungue njia siku ya tambiko, na siku hiyo watu huvua viatu na kushusha sauti. Wengi wao ni watu wa msikitini, sala tano hawaziachi, lakini mwiko ule hakuna aliyethubutu kuuvunja.

Mkubwa wa ukoo alikuwa Mjomba Dadi, kaka wa marehemu mama. Yeye ndiye aliyempeleka Zuhura kwenye lile jiwe la ng'ambo ya mto, zamani, kamera ikiwa bado mpya. Alimbebea stendi begani, akafyeka vichaka kwa panga lake mwenyewe, akampangusia pa kukaa. "Hapa utauona wote, mwanangu," alimwambia. Zuhura akalipenda jiwe lile. Kila msimu alipanda bodaboda mpaka mwisho wa barabara, akatembea kilichobaki, akaenda kukaa palepale. Alipiga alasiri, jua likiwa mgongoni mwake, kwa sababu ndipo rangi hukolea. Hakutafuta pengine. Alitaka msitu uleule kutoka jiwe lilelile, ili misimu ndiyo ibadilike, siyo yeye.

Tambiko lilikuwa limesimama kwa muda. Mwaka mmoja mjomba alisema mavuno mabaya. Mwaka uliofuata akasema pombe imechacha kabla ya siku. Halafu likaja suala la mguu wake, mguu uliomuuma siku za tambiko tu, maana siku za mnada wa Matombo alikuwa wa kwanza kufika. Zuhura aliliona hilo akacheka. Mjomba ni mjomba, alisema, ana vituko vyake.

Ndipo Mwanaasha akaja na habari zake. Mwanaasha ni binti wa mama mdogo, anateremsha ndizi na mafenesi kutoka mlimani kuja kuuza mjini, na njia za kule anazijua usiku na mchana. Ukoo ulikuwa umekutana mjini nyumbani kwa Mama Mkubwa Pili, Mjomba Dadi naye kateremka. Mwanaasha akasimama akasema amepishana na watu wamebeba mbao alfajiri, mbao nyekundu za mkangazi, na kwamba upande ule hauna mkangazi mwingine zaidi ya wa kwao.

Mjomba hakukasirika. Alitoa kwenye mfuko picha iliyoviringishwa, akaikunjua juu ya mkeka taratibu. Ilikuwa picha ya masika ya Zuhura, ambayo mjomba alikuwa amemwomba wiki ile, akasema anataka kuitundika sebuleni. Akina mama wakainama kuitazama. Msitu ulikuwa pale, mzima, mzito, hauna hata pengo.

"Kaipiga nani?" mjomba akauliza kwa upole.

"Mimi," Zuhura akasema, na akasimama kabisa. "Nimeipiga masika hii. Mwanaasha, mwenye macho haambiwi tazama. Msitu huo hapo. Ukikosa biashara ya kufanya usifanye ya kumchafua mjomba."

Mwanaasha aliiacha chai yake, akachukua mtandio, akatoka. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Wakikutana sokoni, kila mmoja aligeukia nyanya zake.

Kipupwe kilipoingia, Zuhura akataka mbega. Ile picha ya ukutani ilianza kumchosha, alitaka wakiwa karibu zaidi, na mbega hutoka kuota jua asubuhi. Kwa hiyo safari hii alilala kijijini, akaenda kwenye jiwe mapema. Akakaa, akajifunga kanga mabegani, akangoja. Hawakutoka. Hata sauti zao, zile za kukoroma zinazoitikiana bonde kwa bonde, hazikusikika. Akasema labda baridi.

Jua likapanda kutoka nyuma ya msitu. Na hapo Zuhura akaona kitu ambacho alasiri zake zote hazikuwahi kumwonyesha. Nuru ilikuja chini kwanza. Ilipita katikati ya mashina, miguuni mwa miti, mahali ambapo tangu akiwa mtoto palikuwa peusi. Msitu mnene haupitishi jua namna ile. Ua wa makuti ndio hupitisha.

Aliikasirikia lenzi kwanza. Akaifuta kwa ncha ya kanga, akatazama tena. Nuru ilikuwa palepale.

Akachukua kamera na stendi, akateremka, akavuka mto, akapanda upande wa pili. Ukingoni mwa miti alisimama. Hakuna aliyemfungulia njia. Alivua viatu, kwa sababu ndivyo alivyofunzwa, akaingia.

Hakuingia mbali. Miti ilikwisha kabla hajazoea giza lake. Nyuma ya miti hiyo kilima kizima kilikuwa visiki, vingine vibichi na vumbi la mbao bado jekundu, vingine vikuukuu vimeota uyoga. Hiyo haikuwa kazi ya mwezi mmoja, ilikuwa ya miaka. Akatazama kulia na kushoto: pale mbele, penye uso unaotazama jiwe lake, wakataji waliacha mstari wa miti. Walipofika pale ambapo picha yake huishia, kulia na vilevile kushoto, walikata mpaka ukingoni. Mtu alikuwa amepima. Na mtu aliyejua Zuhura hukaa wapi, hutazama wapi na huja saa ngapi alikuwa mmoja tu katika dunia hii.

Kaburi la mama alilitafuta kwa magoti. Mawe yake yalikuwa chini ya vumbi la mbao na maganda, na mkangazi wa kichwani ulikuwa kisiki kipana kama meza ya chakula. Juu ya kisiki paliachwa sufuria jeusi la watu waliopikia pale ugali wao. Zuhura akalishika lile sufuria, akalirusha mpaka likagonga visiki vya bondeni. Kisha akapiga kelele. Hazikuwa kelele za kilio, zilikuwa matusi, yale ambayo mtoto wa kike aliyelelewa vizuri hayatamki hata akiwa peke yake. Alipomaliza akavua kanga, akaanza kuyafuta mawe, moja baada ya jingine, na hapo machozi yakaja, lakini ya hasira.

Alimkuta Mjomba Dadi barazani anakunywa chai kwa muhogo. Hakumwamkia. Tangu azaliwe hajawahi kufika mbele ya mjomba wake bila shikamoo.

"Hee, hata shikamoo hakuna leo?"

"Nyanyuka. Twende kwa mama."

Mjomba alimtazama miguu, ikiwa peku na vumbi jekundu mpaka vifundoni, akaelewa. Akachukua kofia na koti lake. Njiani walipita nyumba mbili tatu, na watu wakaacha jembe wakatazama pembeni. Majirani walikuwa wakijua siku zote. Walidhani ukoo umekubali, na mali ya ukoo wa watu huiulizi.

Mguu wa mjomba ulipanda kilima bila shida yoyote.

Penye kaburi Zuhura akasimama. "Sema."

"Mwanangu, tuliza moyo." Sauti yake ilikuwa ileile ya upole. "Wanunuzi walitaka wote. Wote! Mimi ndiye niliyewakatalia. Niliwaambia ule upande usiguswe hata tawi, mpwa wangu huupigia picha. Nimekutunzia, Zuhura. Watu wangapi wangekumbuka jambo kama hilo?"

Alikuwa anangoja ashukuriwe. Zuhura aliona hilo usoni pake, waziwazi, na damu ikampanda mpaka masikioni akawa hasikii mto. Angeiba tu kama wezi wengine, asingemchoma hivyo. Huyu alikuwa amemtumia yeye, jicho lake, mapenzi yake kwa kilima hiki, akayafanya pazia la kufichia kaburi la dada yake.

"Na mama?"

"Mama yako alikuwa dada yangu. Angenielewa."

Zuhura alikunjua stendi, akaikaza kwenye vumbi la mbao, akafunga kamera juu yake. Aliligeuzia mgongo lile jiwe la ng'ambo.

"Simama pale. Kando ya kisiki."

"Ya nini tena?"

"Simama, mjomba."

Akasimama. Na kwa kuwa ni kamera, na kwa kuwa ni binadamu, mzee akafunga vifungo vya koti, akaiweka sawa kofia yake.

"Sogea kushoto, unaliziba kaburi. Hapo. Kidevu juu." Akaweka jicho kwenye kamera. "Usicheke. Tazama hapa."

Akapiga. Ikatoka wazi: mzee katika koti lake zuri, kisiki, mawe ya mama yaliyofutwa, na nyuma yake visiki mpaka juu ya kilima.

"Nimetoka vizuri?" mjomba akauliza, kama waulizavyo wateja wote.

"Umetoka wote."

Aliihamishia picha kwenye simu. Mtandao ulikuwa umejaa, mahali ambapo zamani haukuwahi kufika, maana kilichokuwa kikiuzuia kilishakatwa. Akamtumia Mama Mkubwa Pili. Lakini kabla yake alimtumia Mwanaasha, na chini ya picha akaandika neno moja, nisamehe.

Alipoinua kichwa, mjomba alikuwa bado amesimama pale pale, kidevu juu, anangoja aambiwe kwamba wamemaliza.