Kibati Namba Kumi na Mbili

Bibi Bibiana Komba ana miaka themanini na mbili, na karibu yote ameimaliza akitukumbusha kwamba babake, mzee Alexander, ndiye aliyeanzisha hapa kwetu Kambi Saba. Aliletwa pamoja na manamba wengine, vibarua wa mkataba, kutoka Songea kukata mkonge, wakati hapa ni vichaka na nyani tu. Kila mtu alipewa kibati chenye namba kwa zamu ya kufika. Cha babake, kumi na mbili, Bibiana anakitunza kwenye kopo la majani ya chai. Wale kumi na mmoja waliomtangulia, anasema, walikimbia mbu.

"Baba yangu? Hakutega kazi hata siku moja!"

Hakuna aliyekunywa chai kwake bila kumeza na hilo. Mimi jirani yake nimelimeza miaka arobaini.

Mwaka huu ukaitishwa mkutano wa kuzipa njia majina. Njia yetu kubwa ingechukua jina la familia ya kwanza kufika kati ya zilizobaki. Bibiana alivaa kitenge cha Pasaka, akaja na kopo lake.

Kibati kilipotolewa, mzee Haji akasimama, akatoa chake mfukoni. Kumi na mbili.

"Cha marehemu baba, Miraji," alisema.

Mwenyekiti, Ruthi, akaviweka vyote mezani. "Wazee wangu, shikamooni. Lakini namba moja watu wawili?"

"Inawezekana, mwanangu. Baba alinambia alipewa namba ya mtoro. Yule mtu alikimbia siku ya tatu na kibati chake, ikabidi kigongwe kingine." Haji akamgeukia Bibiana, meno yote nje. "Sasa dada, babako hakutega hata siku moja. Hicho umekiokota wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Nakiri nami nilicheka, mpaka nilipomwona Bibiana akilifunika kopo lake. Akinyamaza, njia ni ya Miraji. Akisema ni cha babake, babake ni mtoro.

"Alikimbia!" alipaza sauti. "Alikimbia mpaka Kigombe, kule pwani, njaa ikamwangusha mlangoni kwa mama yangu, mama anakaanga samaki. Mama akamlisha, akamwambia, mimi siolewi na mtoro, rudi kazini. Akarudi, akapewa namba nyingine, mwisho kabisa wa orodha. Asingekimbia, mimi ningetoka wapi?"

Ruthi alipoitisha kura, Haji ndiye aliyetangulia kunyoosha mkono kumuunga Bibiana.

Kibao sasa kimesimama mbele ya nyumba yake: Njia ya Alexander Mtoro. Neno la mwisho Bibiana mwenyewe alimwamuru mchoraji aliandike, tena kwa herufi kubwa. Jana mgeni alipita, akauliza mtoro ni nani. Bibiana akamshika mkono, akamwingiza ndani, akabandika chai. Safari hii kopo lilitoa vibati viwili: kumi na mbili, na mia tatu arobaini.