Kaluki na Maji Yanayopanda

Kaluki Nzioki anasomea bahari mjini Juja, mbali na ufuo wowote. Kila asubuhi hutoka kwa mamake huko Kamenu, huenda chuoni na kufungua picha za setilaiti za pwani ya kaskazini. Anatafuta kitu kisichoonekana humo: maji baridi yanayopanda kutoka kilindini. Hupanda mita chache tu kwa siku, hivyo lazima ayakadirie. Maji ya juu yakitawanyika, ya chini hupanda kujaza nafasi.

Setilaiti ilionyesha yanapanda. Vipimajoto alivyotundika baharini kwa kamba vilionyesha yanashuka, kwa maana kila mkondo ulipopata nguvu, vilisoma joto zaidi.

"Achana na vipimajoto," alishauri msimamizi wake, Dkt. Kinyanjui. "Alhamisi uko mbele ya jopo la watahini. Setilaiti inakutosha."

"Setilaiti huona ngozi ya bahari tu, daktari. Nikikosea, nani ataniambia?"

Aliishuku kamba. Wavuvi waliomsaidia walikuwa wameipima kwa mikono iliyonyooshwa, wakifunga fundo kila pima. Yeye alihesabu mafundo akaandika kina, kana kwamba kamba husimama wima wakati wote. Jumamosi alifunga jiwe kwenye kamba nyingine, akaitumbukiza Mto Chania kutoka darajani. Kijana aliyekuwa akiosha gari ukingoni alimtazama.

"Madam, samaki walihama hapa kitambo."

"Sitaki samaki. Naangalia kama kamba italala."

"Hiyo imelala fofofo."

Maji yalikuwa yameisukuma kamba ikainama, na jiwe likainuka. Vipimajoto navyo viliinuliwa vivyo hivyo, hadi kwenye maji yenye joto. Maji hayakuwa yameshuka. Vyombo ndivyo vilivyopanda.

Kwenye kamba ile ya baharini kulikuwa na kifaa kimoja cha kupima uzito wa maji yaliyo juu yake, na hivyo kina chake halisi. Kaluki alikitumia kurekebisha kina, na jibu likageuka: maji yanapanda, ingawa si kwa kasi iliyokadiriwa kwa setilaiti. Lakini kifaa hicho kilikufa kabla ya kazi kwisha. Vipimo vyote vilivyofuata, alivitupa.

"Umetupa karibu nusu," alisema Kinyanjui. "Watauliza."

"Waulize. Iliyobaki naweza kuitetea."

Waliuliza, tena kwa ukali. Aliwachorea kamba ubaoni, ikiwa imeinama. Wakaikubali nusu hiyo kwa sharti moja: arudi baharini, na kila kipimajoto kiwe na kifaa chake cha kina. Kaluki aliuliza kama anaweza kuondoka wiki ijayo.