Kasha la Kurasini

Mwaka wa fedha ulikuwa unaisha siku ile, na fedha zisizotumika zingerudi Hazina. Darubini za idara yetu ya tiba chuoni zilikuwa bado ndani ya kasha bandarini, Kurasini. Profesa, mkuu wa idara, alinisogezea hati ya mapokezi.

"Mhasibu, tia sahihi. Zipo Kurasini, hazitaogelea kurudi Ulaya."

Nilisaini kwamba nimezipokea, nikijua kosa hilo humfunga mtu jela. Wanaodai sikujali waelewe kwamba tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kazi, nilikwenda Kurasini kulitazama kasha lile. Wapagazi walinitania: "Shikamoo mzee, mgonjwa wako kaamka salama!"

Asubuhi ambayo sikulikuta, niliwakimbilia wapagazi.

"Limeshapelekwa chuoni, mzee."

Sikuwaamini mpaka nilipozigusa darubini zote, moja baada ya nyingine.