Nguo Chafu za Bisimwa

Lamwaka alipoolewa na Olal, Olal alikuwa fundi wa redio. Udiwani ulikuja baadaye, na watu wa mtaa wetu wa Makindye wakategemea mke avae gauni la heshima la gomesi, aketi mbele kwenye harusi, anyamaze. Hakunyamaza. Mpangaji akitupiwa vitu nje, mjane akinyang'anywa kibanda, alifika yeye kabla ya mumewe. Mimi nauza samaki wakavu sokoni, na mtu nisiyejua faida yake simwamini upesi. Huyu nilimchunguza sana, sikuona anachopata.

Kisha Bisimwa, Mkongo aliyeuza vitenge karibu nami, akachukuliwa na askari wasiovaa sare. Mkewe, Kavugho, akapika sombe, mboga ya majani ya muhogo, akaitia kwenye kopo akaipeleka kwenye kituo ambacho sitakitaja. Huku kwetu kila mwanamke anajua: chakula kikipokewa langoni, mtu wako yumo. Kilipokewa. Kopo likawa linarudi tupu kila siku, na Kavugho akaanza kucheka tena.

Lamwaka hakucheka. "Umewahi kupewa nguo zake ufue?"

"Bado, mama."

"Mtu anakula kila siku, hachafui shati?"

Tangu hapo usingizi ulimkimbia Lamwaka. Aliniambia anasikia kijiko kikikwangua kopo jikoni kwake, na jikoni hamna mtu.

Olal akamsihi mkewe. "Mama Juliet, uchaguzi umekaribia. Wakubwa wananiangalia. Achana na lango lile."

"Waangalie vizuri. Mkeo ndiye mimi."

Asubuhi tukaenda langoni na Lamwaka, mimi na Kavugho. Askari wa lango akanyoosha mkono. Lamwaka akalizuia kopo.

"Nguo chafu kwanza, afande."

"Hana nguo chafu."

"Basi avue shati alilovaa, ulilete. Mkewe atalijua."

"Mke wa diwani, nenda ukampikie mzee wako!"

"Wangu namwona akila. Huyu nani kamwona?"

Macho ya askari yalikuwa kwenye kopo, macho ya mtu aliyezoea kushiba hapo. Ndipo Kavugho alipoelewa. Hakulia. Akakaa vumbini, akafungua kopo, akaila sombe ya mumewe taratibu, mpaka ikaisha.

Nyuma yetu kulikuwa na foleni ya wanawake wenye makopo yao. Mmoja, aliyekwisha kunyoosha kopo lake, akalirudisha kifuani.

"Afande," akasema, "na za mwanangu? Nguo."