Dole Gumba Kwenye Senti ya Shaba

Januari ile huko Kutztown, Marekani, baridi ilikuwa kali hata maneno yaliganda mdomoni; ukitaka kujua jirani kakusalimuje, uyaokote ukayayeyushe jikoni. Lakini Wendell Stauffer, fundi bomba mstaafu, aliganda kuliko maneno hayo. Mkewe Arlene alizikwa kabla ya Krismasi, naye hakutoa hata tone la chozi. Watu walileta pai za molasi, akala, akaosha sahani, akazirudisha. Binti yake Joyce akimuuliza, "Baba, unajisikiaje?" anajibu, "Vizuri tu," kama anayeulizwa habari za mvua.

Jumamosi alikwenda kwenye chama chao cha wakusanya shaba, wapenzi wa senti kubwa za kale za Marekani. Alikwenda kwa kuwa ni Jumamosi.

Pale senti hushikwa ukingoni, juu ya kitambaa, wala haisuguliwi. Brashi laini ya manyoya, basi; ile rangi ya kahawia ya uzee ndiyo thamani yake. Anayesugua shaba huangaliwa kama aliyekojoa kisimani.

Wendell akaweka mezani senti zake mbili za mwaka 1804. Moja kahawia, imetulia. Nyingine inang'aa kama sufuria ya bibi harusi.

"Toba!" Lyle Hoffnagle, rafiki yake tangu ujana, akashika kichwa. "Bado unayo hiyo taa? Funika, mzee, utatupofusha!"

Wazee wakacheka. Na kumbe ile kahawia ndiyo ya marudio: watu walinunua chapa za serikali za kugongea senti, zilizotupwa pamoja na vyuma chakavu, wakagonga senti upya miaka mingi baadaye, kutu ya chapa ikabaki usoni mwake. Inayong'aa ndiyo ya kweli. Wendell aliitafuta ujana wake wote. Siku moja wageni wanakuja, Arlene akaisugua kwa dawa ya sufuria, mumewe asiaibike na senti chafu. Alipomwonyesha, Wendell alisema, "Imependeza," akaifungia kwenye bahasha, asiitazame tena.

"Nipe hiyo," Lyle akasema. "Nina unga wa salfa na mafuta. Nikiipaka itarudi kahawia, hata wewe utaisahau. Arlene, Mungu amrehemu, hayupo wa kuninunia."

"Chukua," Wendell akasema. Hakuona sababu ya kukataa.

Lyle akaiweka chini ya lenzi. "Aa, huyu mkeo! Kasugua, halafu kaibandika dole gumba. Shavuni kabisa! Njoo uone."

Wendell akainama. Shaba iliyotoka kusuguliwa ukiigusa haikusahau. Kwenye shavu la mwanamke aliyechorwa usoni mwa senti palikuwa na mistari ya kahawia, myembamba, na kovu limeikata mshazari. Kovu la Arlene, la kisu cha viazi. Alimfunga kidonda kile yeye mwenyewe.

"Ukipaka salfa, hii itabaki?"

"Itamezwa yote, usiwe na wasiwasi."

Wendell akangoja kitu kimpande kifuani. Hakikupanda. Kahawa yake ikapoa.

"Basi niachie."

"Na ubaya wake wote huo?"

"Niachie, Lyle."

Nyumbani Joyce akauliza, "Enhe, Baba, ilikuwaje?"

"Vizuri tu."

Akaenda jikoni, kopo la dawa ya sufuria bado liko kando ya sinki. Akaitoa senti, akaishika ukingoni, akaielekeza dirishani mwanga uangukie shavu. Akasimama hivyo na koti lake, mpaka theluji ya viatuni ikayeyuka yote sakafuni.