Kipande cha Kumi na Mbili

Gari lilikuwa jekundu, la Kijapani, la milango miwili, na lilikaa chini mno kwa barabara zetu. Lilivushwa kuja kisiwani kwetu na kivuko kutoka Nyamisati, na siku liliposhuka Kilindoni watu walilifuata kwa miguu mpaka mbele ya gereji yangu, wengine wakiinama kuchungulia chini yake. Mwenyewe alikuwa mtu wa Baleni aliyefanikiwa Dar es Salaam. Alitaka kuingia nalo kijijini kwao siku ya harusi ya dada yake, ila injini ilikuwa imechoka. Ilikula oili, ilitoa moshi wa bluu, na kwenye kimlima kidogo tu iliishiwa pumzi. Alitaka ishushwe, ifunguliwe yote, irudi kuwa mpya. Akaniuliza mbele ya umati ule kama naiweza. Nikajibu naiweza kabla hajamaliza kuuliza.

Ndivyo nilivyo. Mdomo wangu hutangulia, mimi nafuata nyuma nikihema. Ningekuwa mtu wa kujibu polepole nisingekuwa na cha kuandika hapa.

Ufundi nilijifunza mara mbili. Mara ya kwanza kwa mjomba wangu, kaka yake mama, aliyenilea baada ya baba kufariki. Yeye alikuwa fundi wa mashine za boti. Watu wa Ndagoni walimletea mashine zao, na hata wavuvi wa dago, wale wanaokuja kwa msimu kutoka pwani nyingine na kupiga kambi ufukweni, walijua nyumba yake kabla hawajajua pa kununua chumvi. Mara ya pili nilijifunza katika gereji moja ya Dar, miaka minne, nikarudi na sanduku la spana na kiburi cha kulijaza sanduku la pili.

Mjomba alikuwa na utaratibu wake. Upepo wa kwetu hubeba mchanga, na chembe moja ikiingia kwenye mashine iliyofunguliwa imeharibu kazi. Kwa hiyo kabla hajashika spana, mkaza mjomba, yaani mkewe, humpa kanga kuukuu. Huichana vipande kumi na viwili, na kila tundu analolifungua hulizibia kipande. Kazi ikikwisha hutandika jamvi na kuvipanga vipande vile upya, pindo kwa pindo, mpaka kanga irudi kuwa kanga. Ikitimia, anafunga mashine. Isipotimia hafungi, hata mwenye boti amsimamie kichwani na kununa.

"Mashine ikizima kule Ras Mkumbi," alikuwa akiniambia, "mtu hashuki akasukuma."

Nilimwita anisaidie kazi ya gari lile kwa sababu mikono yake ilikuwa mizuri kuliko yangu, na kwa sababu sikuwahi kushusha injini ya aina ile bila bwana mkubwa wa gereji kusimama nyuma yangu. Hili la pili sikumwambia mtu.

Tulisimamisha miti mitatu, tukafunga mnyororo, tukaining'iniza injini ile nje ya gari. Tukaifungua yote. Pistoni tukazipa ringi mpya, beringi tukabadilisha, kila kitu tukakiosha kwa mafuta ya taa mpaka chuma kikang'aa. Valvu alizisaga mjomba kwa mkono, kijiti kikizunguka kati ya viganja vyake siku nzima, akisimama kuswali tu. Alipomaliza akamimina mafuta ya taa juu yake, tukakaa kusubiri kama yatavuja. Halikupita hata tone. Nilimwonea wivu, nami nilikuwa nimesoma.

Mwenye gari alikuwa akija kila siku na rafiki zake. Siku moja akaikuta injini imezibwa vipande vya kanga kila upande, vyenye maua na michoro ya korosho nyekundu kwenye kona. Akatoa simu akapiga picha.

"Fundi, hii gereji au wodi ya wazazi?"

Wakacheka. Mimi nikacheka kuwashinda wote, nikasema, "Mwacheni mzee, bosi, ana mambo yake ya boti." Mjomba alitabasamu, akaendelea kufuta bolti. Nilimwona akitabasamu. Sijui kwa nini tabasamu lile halikutosha kuniachisha utani ule siku zote zilizofuata.

Alhamisi alasiri kazi kubwa iliisha. Mjomba akatandika jamvi, akapanga kanga yake. Kumi na viwili. Aliniita nami nije nione, lakini nilikuwa kwenye simu na bosi mwenye gari, nikampungia mkono tu. Akasema imetimia, tukafunga, tukairudisha injini ndani ya gari. Likabaki chujio la oili na vitu vidogo vya nje.

Ijumaa asubuhi nilikuwa peke yangu. Kusi ilikuwa inavuma na mchanga unaruka. Nilitaka kusafisha pale chujio linapokaa, na tundu la oili lilikuwa wazi, lile linalopeleka oili kwenye beringi zote. Mkono wangu ukafanya ulichofundishwa utotoni. Ukachukua kipande cha kanga kwenye fungu la mjomba, kile cha kona chenye korosho, ukaliziba tundu. Nikasafisha. Honi ikalia nje, bosi amefika na watu wake, anataka kuusikia mlio kabla ya swala ya Ijumaa. Nikachukua chujio, nikalikaza, nikafuta mikono.

Injini iliwaka mara ya kwanza. Mlio wake ulikuwa mtamu, siwezi kukataa. Watu walipiga makofi. Taa nyekundu ya oili ilibaki inawaka kwenye dashibodi, nami niliiona. Bosi akauliza ile taa ni ya nini.

"Waya tu," nikasema. "Nitaurekebisha baadaye."

Akaondoka nalo kuelekea Baleni, mimi nikiwa pembeni yake, kiwiko nje ya dirisha. Hatukufika. Katikati ya minazi injini ikaanza kugonga, kwanza taratibu, halafu mfano wa mtu anayevunja mlango, halafu ikakwama, gari likasimama. Nilijua. Kabla hata hajazima redio nilikiona kile kipande mahali kilipo. Nikafungua boneti, nikajifanya natafuta.

Lilirudishwa Kilindoni likivutwa na pikapu, watu wakitoka msikitini. Mjomba naye alitoka msikitini. Hakuuliza mengi. Alisikia kwamba taa ya oili iliwaka, akapiga magoti na kanzu yake nyeupe, akafungua chujio. Akaingiza vidole viwili kwenye tundu, akavuta polepole. Kipande kikatoka kirefu, cheusi kwa oili, na korosho yake bado inaonekana kwenye kona.

Bosi akakitazama, akanitazama mimi.

"Nani aliyehesabu hivi vitambaa?"

"Mzee," nikasema.

Ni neno moja tu, na lilikuwa kweli. Mjomba ndiye aliyehesabu. Nimelipindua neno hilo kila upande tangu siku ile nikitafuta pa kujifichia, na kila upande naikuta kanzu yake imechafuka magotini.

Mjomba alisimama. Alikikunjua kile kipande, akakigeuza. "Nilihesabu kumi na viwili," akasema kwa sauti ya chini. Halafu akanitazama, akingoja labda niseme kitu. Nilikuwa natazama tairi. "Basi ni macho haya," akasema. "Nisamehe, mwanangu. Nimekuharibia kazi."

Akamwomba na bosi msamaha. Mtu mzima wa umri wa baba wa huyo bosi, anaomba msamaha mbele ya watu waliotoka kuswali naye, nami nimesimama pale nimefunga mdomo, mimi ambaye mdomo haujawahi kunifungika.

Harusi ilipita bila gari. Likafunikwa makuti kwa miezi kadhaa, kisha likarudishwa bara. Kipande cha kumi na mbili nilikiokota siku ileile nikakitia kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya rafu. Ningeweza kukichoma. Sikukichoma, na nilijisifu moyoni kwa hilo kana kwamba ni uaminifu.

Habari ya kitambaa ilienea kisiwa kizima. Haikuwapo boti isiyoisikia. Mtu anayekwenda baharini hawezi kumpa mashine yake fundi aliyesahau kitambaa ndani, wala simlaumu. Mmoja mmoja wakaacha kwenda kwa mjomba, wakaja kwangu. Nilizipokea mashine zao. Mwanzoni nilijiambia nazipokea ili kazi isitoke nje ya familia. Mjomba mwenyewe alikuwa akiwaelekeza waje. "Nendeni kwa kijana," alisema, "macho yake mazima."

Miaka miwili na zaidi ikaenda hivyo. Siku moja nilikwenda kumsalimu, nikamkuta uani ameipindua baiskeli yake, anakaza nati ya gurudumu la nyuma.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Afadhali umekuja." Akanipa spana. "Hebu nitazamie hapa. Nimekaza sawasawa?"

Nilishika ile nati. Ilikuwa imekazwa vizuri kuliko nati yoyote niliyokaza mimi mwaka ule. Mtu huyu alikuwa akisikia mashine ikipita mbali baharini akakwambia silinda ipi ina ugonjwa. Sasa anaogopa nati ya baiskeli. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nikaacha spana pale pale, nikaenda gereji, nikachukua kopo, nikarudi karibu nakimbia.

Nilimwambia yote, nimesimama, kwa haraka, nikiogopa nikikaa sitasema. Kusi, tundu, honi, chujio. Nikampa kile kipande. Alikishika kwa muda mrefu.

"Alhamisi vilikuwa kumi na viwili?"

"Vilikuwa kumi na viwili, mjomba."

"Una hakika?"

"Ulihesabu sawa. Ni mimi niliyekichukua Ijumaa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nayatamani. Yeye akageukia mlangoni akamwita mkewe kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa muda mrefu. "Njoo! Njoo usikie! Nilihesabu sawa!" Akaingia ndani akatoka na fungu la vile kumi na kimoja, akatandika jamvi, akavipanga, akaweka ile kona yangu nyeusi mahali pake. Alikuwa anacheka, na machozi yanamlengalenga. Mkaza mjomba alisimama mlangoni akinitazama. Yeye hakucheka.

Baadaye mjomba akavikusanya vile vipande. "Mimi nimekusamehe," akasema, "lakini siku ile hukuniambia mimi peke yangu. Nenda diko ukawaambie na wenye boti."

Nilikwenda kesho yake, saa ambayo boti zimerudi na samaki wanashushwa pale ufukweni, ili wanikute wengi. Nikawaeleza kama nilivyomweleza mjomba. Nikawaonyesha na kipande. Walikipokezana mkono kwa mkono. "Ndicho chenyewe," wakaambizana, "kitambaa cha mzee." Nikasema ndiyo ni chake, lakini niliyekisahau ni mimi. Wakatikisa vichwa. Nahodha mmoja wa Ndagoni, mtu wa makamo niliyemheshimu, akanishika bega.

"Tumekuelewa, mwanangu. Unamsitiri mjomba wako. Ndivyo mtoto aliyelelewa anavyofanya."

"Simsitiri. Naapa. Ni mimi."

"Ndiyo, ndiyo," akasema, na wenzake wakaitikia kwa huruma. "Mungu akuzidishie adabu. Kesho nakuletea mashine yangu."

Niliapa tena, kwa sauti ya juu, nikakaribia kugombana nao. Kadiri nilivyokasirika ndivyo walivyozidi kunisifu. Niliondoka diko nikiwa mtu mwema kuliko nilivyokwenda.

Asubuhi nikaikuta mashine ya nahodha mlangoni pangu, imefunikwa gunia. Sikuifungua. Niliipakia kwenye toroli nikaisukuma mpaka kwa mjomba. Alikuwa amekwishaamka, amevaa shati lake la kazi, spana zake amezipaka mafuta na kuzipanga kwa ukubwa. Jamvi lilikuwa limetandikwa. Pembeni palikuwa na kanga nyingine, kuukuu, safi, haijachanwa. Alinisaidia kuishusha mashine. Akaichana kanga.

Alikuwa ameziba tundu la tatu yule nahodha alipofika. Alimwamkia mjomba kwa heshima zote, akamuulizia hali na afya ya mkewe. Kisha akanivuta kando.

"Adabu ni nzuri," akaninong'oneza, "lakini nayo ina mwisho wake. Baharini naenda mimi."

Mjomba alikuwa amesikia. Alivitoa vipande vyake vitatu, akavipanga jamvini pamoja na vile tisa, akahakikisha vimetimia. Halafu akainuka, akashika mashine upande mmoja, akamsaidia nahodha kuipandisha kwenye toroli langu.